Radhi Niliyoibeba Hadi Brussels

Kila ninapopita, kuanzia kiwanda changu cha sabuni mpaka sokoni Mwanga, swali ni moja: Mzee Hamisi, ulikwenda kumrudisha Zainabu, mbona umerudi peke yako? Nimechoka kulijibu vipande vipande, huyu nusu, yule robo. Naliandika lote mara moja, kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la nne na leo unaajiri watu kumi na tisa. Mambo ya pasipoti na foleni za viza siyaandiki, hayana ladha.

Kwa wale ambao hamkuwepo, Zainabu ni binti yangu wa tatu, alikwenda Ubelgiji kwa ufadhili miaka sita iliyopita. Juzi kabla ya mvua akaniletea, kwa mkono wa msafiri, kitabu alichokiandika mwenyewe. Kurasa mia nne na kumi na mbili, Kifaransa kitupu, pamoja na barua: "Baba, hii ndiyo tasnifu yangu. Nitaitetea mbele ya maprofesa. Sitaki kuingia pale bila radhi yako." Habari zake, akasema, ni za utu: namna wanazuoni wa Kiislamu wa Baghdad na miji jirani, zaidi ya miaka elfu iliyopita, walivyokaa barazani kuulizana mtu ni nini.

Radhi si salamu. Mtoto wa kwetu haolewi, hasafiri, haingii mtihani mkubwa mpaka mzazi aseme nimekuridhia. Ningeisema siku ile ile. Lakini mnajua maneno yalivyoanza pale msikitini, na wengine mnaosoma hapa mliyachangia: Zainabu ameandika kwamba mtu ndiye kila kitu, ameutanguliza utu mbele ya dini, Wazungu wamemgeuza. Mimi nimenunua mawese miaka thelathini. Sinunui kwa maneno ya muuzaji wala kwa maneno ya jirani yake. Natumbukiza mkono mpaka chini ya debe, natoa ya chini, naonja. Nikasema nakwenda mwenyewe. Ikiwa ni kufuru, namrudisha hata kwa kumshika sikio. Ikiwa si kufuru, radhi ataipata. Na yeye mwenyewe simuulizi, maana muuzaji hayatolei mafuta yake ushahidi. Nitauliza watu njiani.

Kigoma hadi Dar es Salaam

Injini ya treni ilikufa karibu na Usinge, tukakaa nyikani tangu asubuhi mpaka alasiri. Wengine walilalamika. Mimi nilitoa kitabu.

Kifaransa sikijui, lakini katikati ya kurasa mlikuwa na vipande vya Kiarabu, na herufi za Kiarabu nimezilia viboko chuoni kwa maalimu. Kuzisoma nazisoma. Kuzielewa ni jambo jingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Basi nikachagua ukurasa mmoja, nikakohoa, nikausoma kwa sauti yangu ile mnayoijua ya mwezi wa Ramadhani. Behewa likanyamaza. Nilipovuta pumzi, wakaitikia amina. Kutoka behewa la pili wakaja wengine kusimama mlangoni.

Alikuwepo mkulima wa tumbaku wa Urambo, shavu limemvimba kama ana limau ndani.

"Mzee wangu, nisomee na mimi. Hili jino linaniua tangu juzi."

"Limetoboka?"

"Limekuwa pango."

Nikamsomea ukurasa mzima, nikampuliza shavuni mara tatu. Tulipofika Tabora alinunua paja la kuku akalitafuna upande ule ule, akanipa chupa nzima ya asali. Abiria wakanitazama kwa macho mengine. Nami nikajiambia: hii ni kufuru gani inayotibu meno? Kidogo radhi initoke pale pale, lakini nikakumbuka kwamba ya juu ya debe siku zote ni safi.

Cairo, kwenye viti vya plastiki

Ndege ilitushusha Cairo tubadilishe nyingine, na hiyo nyingine haikuwepo. Tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri kutwa. Walitupa mkate na maharage yaliyopondwa yenye mafuta juu, ya mbegu za pamba, nilijua kwa kunusa. Nikala ili nisimvunje mtu moyo.

Kando yangu aliketi mwalimu mzee wa Kimisri. Aliwahi kufundisha dini Dar es Salaam miaka minane, Kiswahili anacho, ila anakikoromea. Nilipomwambia nimebeba kitabu cha binti yangu chenye dua kali za kutibu, alivaa miwani.

"Ipi umesoma wewe?"

Nikamfungulia ukurasa wangu. Akasoma mstari mmoja, akanitazama. Akasoma wa pili. Mabega yakaanza kumcheza.

"Bwana Hamisi, hii umemsomea mgonjwa?"

"Wa jino. Na akapona."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akashindwa kuinama kuiokota. Alipopata pumzi akanieleza. Kumbe ni kisa cha tajiri bahili aliyeweka kioo nyuma ya sahani ili wageni waone nyama maradufu. Mgeni mmoja alipomaliza kula akainuka, akakishukuru kioo kwa ukarimu wake, akampa mwenye nyumba mgongo.

"Na kurasa nyingine?" nikamuuliza, nimekaza uso.

Akafunua hapa na pale. Kifaransa naye hakukijua, akawa anasoma Kiarabu tu. "Huyu mlafi. Huyu hakimu mjinga. Huyu mwalimu na punda. Mashaallah, binti yako ana mkono mzuri wa kuchagua!"

Niliondoka Cairo nimebeba kitabu kama mtu aliyegundua kuwa debe lake ni la maji. Miaka sita, nauli, dua za mama yake, kumbe ni vichekesho!

Zaventem hadi Jette

Zainabu alikuwa amekuja uwanja wa ndege kunipokea siku moja kabla, akarudi bila mtu. Siku niliyofika alikuwa na mkutano na mwalimu wake, akamtuma Maman Mariamu. Huyu ni mama wa Buyenzi, Bujumbura, alikimbia vita na watoto wawili, sasa anahudumia wagonjwa katika hospitali kubwa pale Jette, mtaa wa Brussels. Mama yake alikuwa akinunua mawese yangu, kwa hiyo kabla hata sijamwona nilikuwa tayari nimemlisha.

"Papa Zainabu! Karibu sana. Donc, ni weye kweli?"

"Nani mwingine angevaa hivi?" Nilikuwa na kanzu, koti la suti na kofia ya kiua.

Kwenye basi niliwasalimia abiria wote, safu kwa safu. Walitazama nje.

"Papa, huku watu hawasalimianaka mu bisi."

"Basi wataanza leo."

Na kweli, mzee mmoja wa Kizungu mwenye mkongojo aligusa kofia yake, akasema *bonjour*. Nikamtazama Mariamu. Naye akatazama nje.

Kwake nilikuta wali na ndagala, yaani dagaa wetu wale wale wa ziwani, wamevuka dunia nzima wakanitangulia. Nilipokwisha kula nikampa kitabu. Mariamu Kifaransa anakisoma kama maji. Alifungua katikati, akasoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Eh, papa. Hapa ni habari za waganga."

"Si vichekesho?"

"Vichekesho gani? Ni hospitali ya zamani ya Baghdad. Muganga Mukristo anafundisha vijana ya Kiislamu, wanatafuta pamoja dawa mu vitabu vya Wayunani. Na muganga, anasema, asimuulize mugonjwa dini yake mbele ya kumugusa." Akafunga kitabu lakini kidole akakiacha ndani. "Mie kila siku naosha miguu ya bazee ya hapa. Wengine wananiita maneno mabaya. Nawaosha tu. Sikujua kama kuna watu walishaandikaka hiyo."

Zainabu akaingia wakati huo. Amekonda, kilemba cha bluu, miwani. Akapiga goti, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona mifupa?"

"Kesho kutwa naitetea, baba. Chakula hakipiti." Kisha akauliza bila kuinua macho, "Umenijia na radhi?"

"Nimekuja kuonja."

"Nikueleze sura kwa sura?"

"Usinieleze neno. Unanijua."

Akacheka, kwa kuwa ananijua. Lakini mkono aliuondoa, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Jette hadi Chaussée d'Ixelles

Kesho yake nilikwenda kunyoa. Nilipewa karatasi yenye namba ya tramu, na kwa kuwa mimi si mtu wa kusoma karatasi nilifuata akili yangu, ikanifikisha Auderghem, mahali pa nyumba kubwa, kimya, na msitu mwishoni. Bibi mmoja mwenye mbwa alinirudisha kituoni akinishika kiwiko. Sikupotea. Niliona mji.

Pale Porte de Namur nilinunua viazi vya kukaanga kwenye karatasi. Kimoja tu kilipogusa ulimi nikajua: mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo sikujua aliyemchinja. Nikakitema kwenye leso. Muuzaji hakuelewa, nikamwonyesha pembe kwa vidole viwili kichwani, akaniitikia kwa furaha, akaniongezea vingine bure. Wabelgiji hawa wanajua kukaanga, hilo sipingi.

Kinyozi ni Papa Kasongo wa Lubumbashi, Mkristo, zamani alikuwa mwalimu wa shule. Duka lake limejaa wateja wasionyolewa, wamekuja kubishana tu. Alinifunga shuka shingoni, akanipaka povu huku nikimweleza habari za mafuta yangu na za binti yangu, akaona kitabu mapajani mwangu, akakichukua bila kuomba.

"Zainabu ndiye mutoto yako? Félicitations, papa! Ngoja nione." Akasoma huku wembe uko hewani. "Bon. Hii sura ya pili ni mambo ya baraza. Batu ya dini yote banaikala pamoya, Muislamu, Mukristo, Muyahudi, na ule asiye na dini. Banabishana. Lakini sheria iko moya: hapana kupiga mwenzako na kitabu chenye yeye haaminie. Lete akili yako tu. Tujaribu?"

"Tujaribu," nikasema. Mnanijua kwa maneno. Nilimhurumia.

"Alors, swali: muntu asiye na dini anaweza kuwa muntu muzuri?"

"Hawezi." Nikaanza aya. Duka zima likapiga makofi: "Non, non! Kitabu!" Nikageukia hadithi. "Non!" Nikasema sawa, nawapa methali.

Kasongo akafikiri. "Methali ni ya nani?"

"Ya wazee."

"Bazee benu. Mie siko nabajua. Non."

Nimewahi kupitia forodha tatu na mapipa mia mbili, sijawahi kupekuliwa hivyo. Nilibaki na kichwa changu peke yake, shavu moja limenyolewa, jingine povu.

"Niulize wewe basi," nikamwambia.

"Papa, depo yako ya mafuta, kifungulo ya pili iko na nani?"

"Mzee Bihoga wa Kasulu. Miaka kumi na nane."

"Anasalia wapi?"

Hapo nikaona shimo, lakini mguu ulikuwa umeshaingia. Bihoga mnamfahamu. Msikitini haendi, kanisani haendi, ukimuuliza dini anakwambia ana ng'ombe. Na tone la maji hajawahi kunitilia kwenye mafuta.

"Hasali," nikasema.

"Na ule jirani yako wa safu ya mbele musikitini, ana kifungulo?"

Wateja wakasogea. Jirani yangu wa safu ya mbele msimtafute hapa, hatajwi. Ufunguo hana.

"Nyoa shavu la pili," nikamwambia Kasongo.

Wateja walipiga kelele kama mpira umeingia golini. Hawakunishinda. Niliahirisha. Lakini kurudi Jette, safari hii nilifuata karatasi.

Jette hadi ukumbini

Asubuhi ya siku yenyewe Zainabu alinisubiri mlangoni mwa ukumbi wa chuo chao. Watu walikuwa wakipita, anawaitikia bila kuwaona.

"Baba?"

Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa ndicho mlichoniuliza. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Lakini dua, vichekesho, waganga, mabishano ya kinyozi: kila niliyemuuliza alikuwa amenipa mafuta ya rangi yake, na mimi siweki muhuri juu ya debe nisilolijua.

"Bado sijafika chini," nikamwambia.

"Sawa, baba." Akaingia.

Mbele walikaa maprofesa watano, katikati mama mwenye mvi, mkuu wao. Mimi na Mariamu tulikaa safu ya tatu, yeye akinitafsiria sikioni. Zainabu alisimama peke yake kwenye meza ndogo, hana hata wa kumshikia maji.

Profesa mfupi mwenye miwani alianza. Mariamu akaninong'oneza: "Anasema hawa watu wa Baghdad hawakufikiri kitu. Walinakili Wayunani tu. Anasema mutoto yako amepamba wezi."

Sasa nyinyi niambieni. Katika posa, upande wa pili ukitupa neno zito, binti anajibu? Binti anajibu wakati mzee wake ameketi? Nikasimama, nikakohoa, ukumbi ukageuka.

"Bwana mkubwa," nikasema kwa Kiswahili, "mimi ni Hamisi wa Ujiji, baba wa huyu. Mbegu ya mchikichi haikutoka kwetu, ilivuka ziwa kutoka Kongo. Lakini anayeipanda ni mimi, anayekwea ni mimi, anayechemsha na kukamua ni mimi, na sabuni inayoosha Kigoma nzima, Kasulu na Kibondo ni yangu. Nimemnakili nani? Nimenakili mti? Anayepokea mbegu akaipikia watu wake, huyo si mwizi, huyo ni mkulima." Nikaendelea kidogo kuhusu malori yangu.

Mama mwenye mvi akamwuliza Zainabu jambo. Zainabu akasema maneno machache, ukumbi ukacheka, lakini kicheko cha watu walioshiba. Yule profesa mfupi akainuka akaniinamia kichwa.

"Mbona umefupisha?" nikamwuliza Zainabu kutoka pale pale.

"Malori nimeyaacha, baba. Keti tafadhali."

Mariamu akanivuta kanzu. "Mukubwa wao anasema, papa, huku mutoto anajitetea peke yake. Ni sheria."

Nikakaa. Peke yake! Hilo neno lilinichoma kuliko wizi.

Wa mwisho kuuliza alikuwa profesa kijana, mpole, na wapole ndio wa kuogopa. Mariamu akatafsiri: "Katika baraza lile walikuwemo wasio na dini. Weye unawaandika kwa heshima. Uko upande wa nani?"

Swali langu. Nililolisafirisha kutoka Ujiji, Mzungu amelitoa mfukoni mwangu. Nikaegemea mbele.

Zainabu alivua miwani. Aliongea polepole, na Mariamu naye akawa anatafsiri polepole. "Anasema: Mimi ni Muislamu na ninaswali. Wengi wa waliokaa pale walikuwa hivyo. Hawakuiacha dini mlangoni, waliacha vitisho. Walisema, aliyetupa akili hawezi kutuchukia tukiitumia. Mbele ya mtu asiyeamini ninachokiamini, nina wajibu wa kumpa hoja. Na hata asipokubali hoja yangu, bado ni mtu, na nina wajibu wa kumpa haki yake ya utu."

Profesa akauliza tena. Zainabu akajibu kwa ufupi, na safari hii Mariamu hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Baadaye, papa."

"Mariamu. Amesema nini?"

"Ameulizwa kama watu wa kwao watakubali haya. Amesema, sijui. Baba yangu ameketi safu ya tatu. Nilimuomba radhi, hajanipa. Nimeingia bila."

Hakulisema kwa kunishitaki. Lingekuwa la kunishitaki, ningejua la kujibu, mimi sikosi jibu. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, huku amesimama wima. Nikahesabu: binti yangu alikuwa ameingia mahali alipopaogopa kuliko pote, bila kinga aliyoiamini, kwa sababu baba yake alikuwa anaonja.

Maprofesa wakatoka kwenda kushauriana. Watu wakaanza minong'ono. Nikapita mbele ya magoti ya safu nzima, nikaenda mpaka kwenye meza yake.

"Umenikasirikia, baba? Kwa kukutaja?"

"Inama."

"Umeshafika chini?"

"Sijafika. Na sikubali yote."

"Hujasoma yote."

"Ndiyo maana sikubali. Inama, mama."

Akainama. Nikaweka mkono juu ya kilemba chake. Nikamwambia: "Nilikosea debe. Nilidhani radhi naiweka juu ya kitabu, nikawa nauliza dunia nzima kitabu kina nini. Kitabu kitajitetea chenyewe. Radhi naiweka juu yako."

"Na wakininyima?"

"Wakikunyima, ni yako. Ukipewa, ni yako. Ukitaka kubaki huku ufundishe, sikurudishi, ni yako. Ukikubaliana na mimi ni yako, na usipokubaliana, Mungu atuvumilie sote wawili, ni yako."

Nikaanza Fatiha. Zainabu akafungua viganja. Mlango ukafunguliwa, maprofesa wakarudi mmoja mmoja, ukumbi mzima ukasimama. Mama mwenye mvi akafika mbele na karatasi yake mkononi, akatukuta vile. Nikamwinulia kiganja cha pili, nikamwambia kwa Kiswahili asubiri kidogo, sijamaliza.

Akasubiri.